Mluzi Mfupi wa Radi

Watu wa kanisa letu walipokimbia vita kule Walikale, kila mmoja alibeba alichoweza. Mama mmoja alibeba cherehani kichwani. Mwalimu wa kwaya alibeba ngoma. Katibu wa komite ya kanisa aliacha godoro, akaacha mbuzi, akaacha hata viatu vyake vya Jumapili, akabeba daftari la nidhamu. Hilo ndilo daftari lenye majina ya wote waliofungiwa Meza ya Bwana, pamoja na makosa yao. Lilivuka mito, likalala msituni, likafika kambini Lushebere likiwa kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Jina la baba yangu lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Nilipoambiwa hivyo nilicheka, halafu nikakasirika, na hasira hiyo haijaisha mpaka leo ninapoandika.

Baba yangu sasa ni mzee mwenye kikohozi kisichomwacha. Katika ujana wake alikuwa mlinzi wa laini ya simu ya mgodi mmoja wa kasiteriti, madini ya bati, mgodi uliokwisha zamani. Waya ulipita msituni juu ya nguzo, kutoka ofisini hadi uwanja wa ndege ndogo. Kazi yake ilikuwa kutembea chini ya waya huo na ngazi na panga, kukata mitambaazi, kuunga palipokatika. Kila alfajiri, kabla ofisi haijafunguliwa, aliweka kisikilizi sikioni kwenye kibanda cha mwisho ili ajue kama laini iko hai. Hapo ndipo alipousikia. Radi ilikuwa imepiga mbali, akasikia mkwaruzo, kha, na nyuma ya mkwaruzo ukaja mluzi, umeanza juu unashuka chini, kisha kimya. Katika miaka yote ya kazi yake aliusikia mara chache tu, lakini aliusikia.

Kwetu msituni mtu hapigi mluzi mvua ikianza. Hata mtoto anajua. Mluzi unaita radi, na anayepiga kwa makusudi ndiye anayesemwa kuwa ana dawa yake. Baba yangu, badala ya kunyamaza, aliwaambia wenzake wa kanisa kwamba radi yenyewe inapiga mluzi. Hawakumwelewa. Basi siku moja mchana, mawingu yameshajaa, akawapigia kwa mdomo wake ili waelewe. Wiki ile haikuisha kabla radi haijaua mbuzi wanne wa mama mmoja shemasi.

Hakuna aliyemwambia waziwazi kwamba ameituma. Kanisa haliamini mambo hayo, ndivyo wanavyosema. Waliandika tu kwamba anaeneza imani za radi, wakamtaka asimame mbele ya waumini na kukiri kwamba hakusikia kitu. Alikataa. Aliwauliza atatubuje masikio yake. Tangu siku hiyo alikaa benchi la mwisho, na mama yangu alikula Meza peke yake mpaka alipofariki.

Kanuni yao ni kwamba anayekufa akiwa ndani ya daftari anazikwa bila mchungaji na bila kwaya. Baba yangu hakuwahi kuogopa kifo, lakini hilo la kuzikwa kimya lilimkaa moyoni. Kikohozi kilipozidi aliniambia jambo moja tu: anataka kula Meza hata mara moja kabla ya kufa, bila kusema uongo. Ningekuwa fundi seremala ningemwonea huruma na kunyamaza. Kwa bahati mbaya mimi ni mwalimu wa fizikia huko Muheto, na mwalimu wa fizikia hana akili ya kunyamaza.

Nilikuwa nimeshuka Goma kwa shughuli za shule, nimekaa nasubiri muhuri kwenye ofisi moja ambayo muhuri wake ulikuwa safarini na mwenyewe. Nikawa nasoma kwenye simu habari za anga la juu, ili nisigombane na mtu. Katikati ya ukurasa nikakuta neno mluzi. Niliinuka ghafla kitini, na mama aliyekuwa karibu yangu akaniuliza kama nimeumwa na kitu.

Nieleze kidogo, maana bila hili hamtaona kwa nini nilihangaika hivyo. Huko juu, hewa inapokwisha, si kwamba hakuna kitu. Kuna gesi nyembamba mno ambayo Jua limeivunjavunja, elektroni mbali, mabaki ya atomu mbali, kila kimoja na chaji yake. Gesi ya namna hiyo inaitwa plazma. Dunia nayo ni sumaku kubwa, na mistari ya nguvu yake hutoka ardhini upande wa kusini, hupinda juu sana na kurudi ardhini upande wa kaskazini. Chembe zile zenye chaji haziendi zinakotaka. Kila moja huzunguka mstari wake, hupanda nao, huteremka nao, hukaribia ardhi, hurudishwa, na kuanza upya.

Sasa radi ikipiga, haitoi mwanga na ngurumo peke yake. Hutoa pia mawimbi ya redio, manene na membamba kwa pamoja, yaani ya sauti nzito na ya sauti kali. Mengi hubaki huku chini. Machache hupenya ndani ya plazma, hushika mstari wa sumaku na kuufuata mpaka upande wa pili wa dunia, na njiani yale mawimbi membamba huwaacha nyuma wenzao wanene. Kilichoondoka kama mkwaruzo mmoja kinafika kimevutwa, nyembamba kwanza, nene mwisho. Mwenye waya mrefu na kisikilizi anasikia mluzi unaoshuka. Kuna watu wa Ulaya waliousikia kwenye waya za simu wakati wa vita vyao vya zamani, na sijasoma popote kwamba walifungiwa Meza.

Na wimbi hilo halipiti bure. Simama kwenye mteremko wowote wa Masisi uangalie chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, ikipandishwa na mzigo wa viazi. Anayesukuma ovyo anajichosha. Anayesukuma sawasawa na hatua ya mwenzake anayevuta mbele, chukudu inapanda. Wimbi nalo likikuta elektroni inayozunguka kwa mwendo unaolingana na wake, huisukuma tena na tena mahali pale pale pa mzunguko. Elektroni nyingine huongezewa nguvu mpaka zikakaribia mwendo wa mwanga na kuharibu mitambo ya setilaiti. Nyingine hupotezwa njia, zikaangukia hewani, na huo ndio mwisho wao. Mawimbi ya radi zaidi hufanya kazi hii ya kuangusha. Yale ya kuongeza nguvu mengi huzaliwa huko huko juu, Jua linapotupulizia gesi yake kwa fujo, na ukiyageuza kuwa sauti yanalia kama ndege wa alfajiri.

Nilisoma yote hayo nikiwa nimesahau muhuri. Mashariki ya nchi yetu ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi kuliko zote duniani. Baba yangu alikuwa na waya mrefu, kisikilizi na masikio mazuri. Mzee hakuwa na wazimu wala dawa. Nikaapa kwamba nitaunasa mluzi huo kwenye simu yangu, niupeleke kwa komite, na katibu alifute jina lile mwenyewe kwa mkono wake.

Nilianza na waya wa shaba niliouchomoa kwenye koili za dinamo mbovu. Niliufunga kati ya mikaratusi miwili juu ya kilima nyuma ya shule, nikaunganisha na kikuza sauti cha redio iliyokufa. Alfajiri nilipanda kabla ya darasa na nilisikiliza mpaka kengele ilie. Nilisikia mikwaruzo, kha, tak, kha, kama mahindi yanayokaangwa. Hizo ni radi za kawaida, zinazosafiri huku chini bila kupanda popote. Mluzi hakuna. Kesho yake mluzi hakuna. Nilifundisha sheria za mwendo nikiwa na matope magotini na masikio yanavuma, wanafunzi wa mwaka wa sita wananitazama kwa huruma.

Wiki ya tatu alinikuta mtu mwenye bunduki. Sikumuuliza ni wa upande gani, maana swali hilo halijamsaidia mtu yeyote huku.

"Mwalimu, ile waya iko ya nini?"

"Ya kusikilizia radi, shefu."

"Radi? Ongea ukweli. Uko unazungumuza na nani?"

Nilimpa kisikilizi. Alisikiliza muda mrefu kuliko nilivyotegemea, amekunja uso kama daktari.

"Haina kitu humu," akasema. "Iko kelele tu."

"Njo hiyo, shefu. Na miye nasikia kelele tu."

Aliniacha niende, lakini waya alichukua. Baadaye niliuona umefungiwa jerikani nyuma ya pikipiki. Shaba ile nilikuwa nimeinyoosha kwa vidole vyangu siku nne.

Nikahamia Kirolirwe, kwenye malisho ya ng'ombe, ambako seng'enge za ua zinapanda na kushuka vilima bila kukatika. Niliona ni laini ya simu ya baba yangu kabisa, ila imelala chini zaidi. Mlinzi wa malisho alikubali niunganishe chombo changu, akasema hata hivyo watu wa shule wana mambo yao. Nguzo zilikuwa mbichi kwa mvua, kwa hiyo nusu ya sauti ilimezwa na ardhi. Siku moja nilisikia mluzi mzuri kweli, mrefu, unapanda na kushuka, nikawahi simu niunase. Nilipoinua macho nikaona ng'ombe mmoja mita mia kutoka kwangu anajikuna shingo kwenye seng'enge, amefumba macho kwa raha. Nilimtukana ng'ombe yule matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua.

Karibu miezi saba ilipita hivyo. Kila nilipopita Lushebere baba yangu aliniuliza habari za shule, na mimi nilimjibu habari za shule. Sikutaka kumpa matumaini kabla sijashika kitu. Nilimletea jibini na maharage, nilimfunika blanketi, nikaondoka kurudi kwenye waya wangu nikijiona mwana mwema.

Halafu nikapata andiko jingine, la Kifaransa, refu. Mwenzangu mmoja wa Goma alinitumia pamoja na sauti kadhaa zilizonaswa nchi za mbali. Nilisoma haraka haraka, jinsi mtu anavyosoma barua ya msiba akitafuta jina. Andiko lilisema kwamba karibu na mkanda wa kati wa dunia, yaani ikweta, mluzi wa radi hausikiki kirahisi, ni nadra sana. Mistari ya sumaku huku kwetu imelala chini, kama paa la nyumba fupi, haiinuki kwenda juu. Wimbi la radi yetu halipati pa kupandia. Hukimbia chini chini mpaka nchi za mbali, kusini ama kaskazini, huko ndiko linapopanda, na huko ndiko watu wanakaa na vyombo vyao vizuri wakisikiliza.

Nilirusha simu kitandani. Radi inaua mbuzi wetu, inaunguza shule zetu, inatutia hofu mpaka tunafungiana Meza, na mluzi wake wanausikia wengine! Sijui nilikuwa namkasirikia nani. Dunia ilivyo sumaku si kosa la mtu. Lakini nimezaliwa mahali ambapo vitu vizuri huondoka na kelele hubaki, na siku ile nilichoka.

Katika uchovu huo ndipo nilipofanya jambo nisilojivunia. Kati ya zile sauti kulikuwa na mluzi mmoja safi, mrefu, wa karibu pumzi mbili, ulionaswa katika nchi yenye baridi huko kusini ya dunia. Niliuhifadhi peke yake kwenye simu. Nikajiambia kwamba radi ni radi na mluzi ni mluzi, kwamba mzee aliusikia kweli, na kwamba komite haihitaji kujua umetoka wapi. Nikaomba kikao.

Komite ilikaa Lushebere, chini ya turubai ambalo ndilo kanisa. Walikuwa mwenyekiti, katibu na daftari lake, wazee wawili, na yule mama shemasi wa mbuzi wanne. Sasa amezeeka kuliko wote, anatembea na fimbo, lakini bado ni shemasi. Baba yangu aliketi kwenye kiti cha plastiki katikati, amevaa koti lake la zamani la kazi. Mawingu yalikuwa yameshuka juu ya vilima.

Niliweka simu mezani na kubonyeza. Mkwaruzo, kha. Kisha mluzi ukaja, ukashuka taratibu, ukashuka, ukaisha. Mwenyekiti aliomba nirudie, nikarudia.

"Mwalimu, hii umeishika wapi?"

"Juu ya kilima, Muheto," nikasema. Uongo ulitoka bila kukwama popote.

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta. "Basi Papa hakudanganya," alisema polepole, akimtazama baba yangu. "Muntu anaweza kusikia hii na akili yake iko muzima. Sisi njo tulikosa."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasubiri tangu utotoni. Katibu alifungua ukurasa wa kwanza na kutoa kalamu. Aliweka ncha yake juu ya jina la baba yangu. Nikamtazama baba nione uso wake, na ndipo nikamwona anasimama, mkono umeshika meza, anakohoa.

"Hapana," akasema. "Hii haiko yangu."

"Papa," nikasema.

"Hii iko ndefu. Yangu haikuwa vile. Kama munafuta jina langu juu ya hii, munalifuta juu ya uongo."

Nilitamani ardhi inimeze, na nilitamani immeze yeye kwanza. Nakiri hivyo. Miezi saba ya matope, waya, bunduki na ng'ombe, kalamu iko juu ya jina, na mzee anaikataa mwenyewe! Mwenyekiti alirudisha miwani usoni. Katibu alifunika kalamu yake, na nafikiri alifurahi.

Ndipo mama shemasi aligonga fimbo chini.

"Na yako ilikuwa namna gani?" akauliza.

Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kupiga turubai. Baba yangu alitazama juu.

"Mama, mvua inaanza."

"Nasikia. Nionyeshe."

Alilowesha midomo. Meno ya mbele hana, ilibidi ajaribu mara mbili bila sauti. Mara ya tatu ukatoka, mluzi mdogo, unashuka, umekwisha kabla sikio halijaukamata vizuri. Mzee mmoja alifunika kichwa kwa mikono. Mvua iliendelea kunyesha kama mvua yoyote.

"Njo hiyo?" mama akauliza.

"Njo hiyo, Mama."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Miaka yote hii," mama akasema, "nilikuwa nawaza iko kintu kikubwa."

Mimi nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama. Kwenye lile andiko la Kifaransa, chini kabisa, kulikuwa na fungu nililolipita mbio. Lilisema kwamba mara chache mluzi unaposikika karibu na mkanda wa kati, huwa mfupi mno. Njia yake ni fupi, mawimbi membamba hayapati nafasi ya kuyaacha mbali yale manene. Mfupi! Baba yangu hajui neno plazma, hajawahi kusoma andiko hilo, na alikuwa amesimama mbele ya komite akikataa mluzi wa watu wa mbali kwa sababu tu ni mrefu. Mwongo angeukubali. Asiyesikia kitu angeukubali. Alichokifanya ndicho kitu pekee ambacho mtu aliyeusikia kweli angefanya.

Nikaanza kueleza, maneno yananikimbilia, mistari ya sumaku, paa fupi, njia fupi. Niliwaambia kwamba huku kwetu hauwezi kuwa mrefu, na kwamba ufupi wenyewe ndio ushahidi.

Mwenyekiti aliinua mkono. "Mwalimu, ile ndefu umesema umeishika hapa Muheto. Sasa unasema huku haiwezi kuwa ndefu?"

Ningesema kweli, wangeuliza nimedanganya nini kingine, na mluzi wa baba ungetupwa pamoja na wangu. Ningeendelea kudanganya, ushahidi ulikuwa umekufa. Sikupata jibu la tatu. Nikakaa.

"Hatuelewi," mwenyekiti akasema, si kwa ubaya.

Katibu alielewa kilichomhusu. Alishafungua kalamu tena, na alikuwa anaandika mstari mpya chini ya ule wa zamani, akiusoma kwa sauti: "Amepiga muluzi mvua ikinyesha, mbele ya komite."

"Andika na miye," mama shemasi akasema.

Kalamu ilisimama. "Mama, weye uko shemasi."

"Njo nimemuomba apige. Andika."

"Mama..."

"Andika, mwanangu. Daftari ulilibeba toka Walikale, usichoke sasa."

Akaandika. Mwenyekiti alifunga kikao kwa sala fupi, akasema mambo haya yote yataangaliwa baada ya mavuno ya maharage. Huku kwetu hakuna ajuaye nani atayavuna.

Nilimsindikiza baba yangu hadi kibandani kwake, tumejifunika koti lake moja kwa mvua. Nilikuwa na hasira, na bado sikujua niielekeze wapi. Nilimweleza yote, mkanda wa kati, mistari iliyolala, jinsi ufupi ungemwokoa kama ningekuwa na akili. Alisikiliza akitazama asiteleze.

"Papa, juu ya nini haukuniambia ilikuwa fupi?"

"Haukuniuliza," akasema.

Hakusema kwa kunilaumu. Ndiyo maana lilinichoma. Nilikuwa nimesikiliza mikaratusi, seng'enge, ng'ombe na nchi zenye baridi. Aliyeusikia mluzi alikuwa Lushebere wakati wote huo, nampelekea jibini. Kesho yake nilirudi kwa mwenyekiti nikikusudia kusema kweli. Nilimkuta anapanga foleni ya maharage ya msaada, watu wamemzunguka, nikamsalimia, nikamuuliza habari za afya, nikaondoka.

Jumapili ya Meza nilikaa na baba yangu benchi la mwisho. Nyimbo zilikuwa hazijaanza alipokuja mama shemasi na fimbo yake, akapita kiti chake cha mbele bila kukitazama, akaja kukaa upande wa kulia wa baba yangu. Mzee wa zamu alimfuata akamnong'oneza. Alimjibu kwa sauti ya kawaida, watu wote wakasikia, kwamba jina lake limeandikwa na halijaamuliwa, kwa hiyo atasubiri na mwenzake.

Sahani ya mkate ilipita mstari kwa mstari. Ilipofika benchi letu, aliyeibeba alimruka mama, akamruka baba yangu, akasimama mbele yangu. Baba alinigusa goti.

"Kula," akanong'ona. "Weye haukupiga muluzi."

Kati yetu sisi watatu aliyedanganya komite ni mimi, na mimi ndiye sikuwa ndani ya daftari. Mkono wangu ulifika ukingoni mwa sahani, nikaisukuma imrudie aliyeibeba, bila kuchukua mkate. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.